Elgeyo Marakwet: fedha za umma zilipie njia na uokoaji kabla ya matangazo

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Kuna jambo ambalo huzuka kila msimu wa kuandaa bajeti, nami naomba tulijadili kwa kina: je, serikali ya kaunti itumie fedha za umma kukuza utalii wa michezo ya nje, yaani kutembea milimani, kukwea miamba, kuendesha baiskeli kwenye njia za mteremkoni na kupaa kwa parachuti kutoka ukingo wa Bonde la Kerio? Jibu langu ni ndiyo, ila lina masharti. Naamini kwamba shilingi ya umma iende kwanza pale ambapo hakuna mfanyabiashara atakayepeleka yake: kwenye njia za miguu, kwenye uokoaji, kwenye makubaliano ya ardhi na kwenye mafunzo ya vijana wanaoongoza wageni. Matangazo, matamasha na malango ya zege yanaweza kusubiri.

Tulichojaliwa hakihitaji kutiwa chumvi. Kaunti hii ina sura tatu zilizopangana kama ngazi: nyanda za juu, ambako Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mteremko wa Elgeyo, na bonde, ambamo Mto Kerio hupita ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Anayesimama ukingoni Iten hutazama bonde lililo chini yake kwa zaidi ya mita 1,000, na ng'ambo huona Milima ya Tugen iliyo Baringo. Kaskazini kuna Milima ya Cherangani, ambayo vilele vyake hupita mita 3,000 na misitu yake ni mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji nchini. Bondeni kuna Hifadhi ya Rimoi yenye tembo, na upande wa Marakwet kuna mifereji ya umwagiliaji ambayo mababu waliichimba karne kadhaa zilizopita na ambayo bado inapeleka maji mashambani.

Wengi wetu tumewaona marubani wa parachuti wanaofika miezi ya kiangazi, wakati Ulaya kuna baridi kali. Jua likishapasha bonde, hewa yenye joto hupanda ikiufuata mteremko, na hewa hiyo ndiyo inayowabeba. Rubani hutandaza kitambaa chake kwenye nyasi, akanyoosha kamba moja baada ya nyingine, akatazama utepe mwembamba uliofungwa kwenye kijiti ili ajue upepo unatoka wapi, kisha hukimbia hatua chache na ardhi ikamwachia. Hoteli imepata fedha zake, na dereva atakayemfuata bondeni naye atapata zake. Lakini nyasi alizozikanyaga ni malisho ya mtu, shamba atakalotua lina ndengu za mtu, na ikiwa upepo utamtupa kwenye miti iliyo katikati ya mteremko, hakuna aliyelipwa kwenda kumtafuta. Hapo ndipo ninapoona kazi ya serikali.

Kisheria hatuna kisingizio. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti utalii wa mashinani, huku sera ya utalii ya kitaifa ikibaki Nairobi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itumike kwa maendeleo. Hata hivyo tusisahau ukubwa wa chungu chenyewe. Mgao wa kaunti hii kutoka hazina ya taifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 4.6, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 454,480. Humo humo ndimo zinamotoka dawa za zahanati, mishahara ya walimu wa chekechea, barabara za kaunti na mabomba ya maji. Kwa hiyo kila shilingi ya utalii inashindana na shilingi ya zahanati, na kwa maoni yangu itashinda kwa haki ikiwa tu inamhudumia mwenyeji pia. Njia ya miguu iliyojengwa vizuri mteremkoni itampitisha mgeni mwenye mkoba mgongoni, lakini itampitisha zaidi mama anayepandisha maembe kutoka bondeni. Machela na vijana waliofunzwa kuibeba watamwokoa mkwea miamba mara moja kwa nadra, na mama mwenye uchungu wa kujifungua mara nyingi zaidi.

Historia ya Iten inatufundisha jambo. Sifa ya mji ule katika riadha haikuanzia kwenye bango la barabarani. Ndugu Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's mwaka 1976 akafundisha, wanafunzi wakakimbia, medali zikaja, na baadaye wakaja wageni waliotaka kufanya mazoezi mahali pale pale. Lornah Kiplagat akajenga kituo cha mafunzo chenye malazi, na wengine wakafuata. Wageni hao hukimbia kwenye barabara za udongo mwekundu, ambazo ni mali ya umma na zingepaswa kutunzwa kama rasilimali. Kwa upande mwingine, uwanja wa riadha wa Kamariny, karibu na Iten, ulifungwa kwa ukarabati na ukakaa miaka mingi bila kukamilika. Sisemi haya ili kumnyoshea mtu kidole. Nasema kwamba jengo kubwa likikwama hukwama na kila kitu kilicholitegemea, ilhali kilomita 5 za njia zikikamilika hutumika siku hiyo hiyo, hata kama kilomita 5 nyingine zitasubiri bajeti ijayo.

Kuhusu uokoaji, tutazame hifadhi ya Hell's Gate, kule Nakuru, yenye korongo jembamba ambalo wageni hupenda kulitembelea. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba katika korongo lile, na Septemba 2019 watu wengine saba wakafa vivyo hivyo, mwongozaji wao akiwa miongoni mwao. Mvua hunyesha mbali, huku korongoni anga ni safi, na maji hufika kabla ya onyo. Sisi tuna makorongo mengi yanayoshuka mteremkoni, na baadhi ya wanaotaka kuyatangaza hawajasema ni nani atakayewapigia simu waongozaji mvua inapoanza Cherangani. Kutangaza mahali pa hatari kwa fedha za umma bila kulipia ulinzi wa anayeitikia tangazo hilo ni kosa zito, nami nalipinga waziwazi.

Karibuni mchangie, hasa ninyi mnaoishi mteremkoni na bondeni.

Mchangiaji wa 2, mwenye nyumba ya wageni

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa mada nzito. Nakubaliana nawe kuhusu uokoaji, lakini kuhusu matangazo naona umetuhukumu haraka. Njia nzuri isiyojulikana huota majani. Bodi ya Utalii ya Kenya huiuza nchi nzima, na kwa desturi picha zinazotangulia ni za pwani na za wanyama wa mbugani. Kaunti ambayo haina bahari wala simba itasemewa na nani kama haijisemei?

Zaidi ya hayo, mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, sisi wenye nyumba ndogo tulijifunza kwamba mgeni wa Eldoret, Nakuru na Nairobi ndiye wa kututoa. Huyu hahitaji tamasha, lakini anahitaji kujua njia inaanzia wapi, inachukua saa ngapi, mwongozaji anapatikana kwa namba ipi na halali yake ni kiasi gani. Nimepokea familia zilizofika Ijumaa jioni zikiwa na hamu ya kushuka mteremko asubuhi, na nikalazimika kumwita kijana wa jirani kwa sababu hapakuwa na orodha yoyote ya waongozaji wanaotambuliwa. Kijana ni mwaminifu na anaijua njia vyema, lakini hana leseni, hana bima, na hajawahi kufundishwa huduma ya kwanza. Akiteguka mtu, aibu ni yangu. Kwa hiyo kabla ya kusema matangazo yasubiri, tutenganishe matangazo na taarifa, maana mgeni asiye na taarifa ndiye anayepotea.

Mchangiaji wa 3, mkazi wa bondeni

Nimesoma kwa makini, na naomba mniruhusu niseme kama mtu ambaye njia hizo zitapita mlangoni pake.

La kwanza ni usalama. Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kuungana na polisi katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu, na kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa sita zilizotajwa kwa sababu ya wizi wa mifugo. Kuna vijiji bondeni ambavyo watoto walikatiziwa masomo na wakulima wakaacha mashamba. Siwezi kuunga mkono fedha za kumleta mgeni kupiga picha mahali ambapo mwenyeji wake anaogopa kwenda kuchota maji. Isieleweke kwamba bonde lote ni hivyo. Sehemu za Keiyo, upande wa kusini wa kaunti, zimekuwa tulivu, na ni dhuluma kulichora bonde zima kwa rangi moja. Lakini mpango wowote uanze kwa kusema wazi ni sehemu zipi ziko tayari na zipi haziko.

La pili ni ardhi yenyewe. Kwa desturi, ardhi za koo zetu zilipangwa kama mikanda inayoanzia nyanda za juu, ikashuka mteremkoni, ikaishia bondeni, ili kila ukoo uwe na malisho, msitu na shamba la mtama. Njia moja inayokatiza mteremko kwa upana inaweza kupita katika ardhi za koo nyingi, na wazee wa ukoo mmoja hawana idhini ya kusemea wengine. Mwenye ardhi asiposhirikishwa, ataweka miiba njiani, na atakuwa na haki.

La tatu ni mambo ambayo mgeni hayaoni. Mizinga yetu hutundikwa kwenye migunga, na nyuki wa bondeni saa nane mchana, jua likiwa kali, hawana subira na mtu anayepita chini yao akinukia manukato. Mifereji ya Marakwet nayo, kingo zake mahali pengi ni udongo, mawe na matawi yaliyoshindiliwa kwa mkono. Mgeni akikanyaga ukingo ukamomonyoka, maji humwagika mteremkoni, shamba la chini hukauka zamu yake ikipita, na wanaopanda kuziba ni watu wa ukoo. Yeye wakati huo ameshafika hotelini. Mfereji si kivutio kilichoachwa na watu wa kale. Ni mtambo unaofanya kazi leo, wenye zamu, faini na wenyewe.

Na mwisho, mteremko huu huporomoka. Aprili 2020 maporomoko ya ardhi kule Chesegon, mpakani na Pokot Magharibi, yaliua watu na kufukia makazi. Njia ikichongwa vibaya kwenye udongo ulio wima, itakuwa mfereji wa kwanza wa maji ya masika.

Mwanzisha uzi

Mchangiaji wa 2, nakubali utofautishaji wako, na nitautumia tangu sasa. Taarifa ni sehemu ya njia: kibao mwanzoni mwa njia, ramani yenye saa na si kilomita pekee, orodha ya waongozaji wenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na namba moja ya dharura inayopokewa usiku na mchana. Hivyo vyote vilipiwe. Ninachokataa ni fedha nyingi kumalizikia kwenye siku moja ya mahema, fulana na hotuba. Nilihudhuria shughuli ya aina hiyo katika kaunti ambayo sitaitaja, na wageni waliokuja kwa ajili ya mlima waliambiwa njia ya kuupanda haijafyekwa.

Mchangiaji wa 3, hoja yako kuhusu ardhi ndiyo iliyonikalisha chini zaidi, kwa sababu ni rahisi kuipitia juu juu kwa kusema "wananchi washirikishwe" kisha tukaendelea. Pendekezo langu ni kwamba makubaliano yaandikwe na kila familia au ukoo ambao njia, uwanja wa kurukia au uwanja wa kutulia unapita kwake. Yaseme upana wa njia, miezi ambayo njia itafungwa, fidia ya mazao yakiharibiwa, na malipo ya kila mwaka yanayotoka kwenye ada ya wageni. Mwenye ardhi awe na uwezo wa kufunga. Mtu asiyeweza kusema hapana hajashirikishwa, hata angetia sahihi mara kumi. Na pale ambapo mfereji unavuka njia, kaunti ijenge daraja dogo la mbao juu yake kabla ya mgeni wa kwanza kupita, kwa mafundi watakaochaguliwa na ukoo wenye mfereji.

Kuhusu usalama na mmomonyoko, sina la kupinga. Ndiyo sababu napendekeza tuanze na eneo dogo: ukingo wa Iten, kushuka Kessup hadi Tambach, ambako barabara kuu ya Iten kwenda Kabarnet iko karibu na majeruhi anaweza kufikishwa hospitali ya rufaa ya Iten, au akapelekwa Eldoret akizidiwa. Cherangani na sehemu za Marakwet zingoje wenyeji wake waseme wako tayari. Fundi wa njia ajengee ngazi za mawe na vichepusho vya maji, njia ipinde badala ya kushuka wima, na ifungwe masika. Ukaguzi wa kila mwaka baada ya mvua uwe na kifungu chake katika bajeti, kwa maana mradi usio na fedha za matengenezo hutoweka kimya kimya, na aliyeuzindua huwa ameshaondoka ofisini.

Mchangiaji wa 4, mfuatiliaji wa bajeti

Wandugu, mnajenga hoja nzuri, lakini naomba niwakumbushe mahali ambapo hoja nzuri hufia. Mmetaja ada ya wageni kurudi kwa wenye ardhi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale Bunge limetunga sheria inayoruhusu vinginevyo. Maana yake ni kwamba shilingi inayokusanywa mwanzoni mwa njia huenda kwenye kapu moja na ada ya maegesho na leseni ya duka, na mwenye shamba la ndengu hatajua ilikopita. Kuna mlango: kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaruhusu kaunti kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya kamati tendaji na bunge la kaunti. Bila mfuko huo, ahadi ya kumlipa mwenye ardhi kila mwaka itategemea huruma ya bajeti.

Kikwazo cha pili ni cha kwetu wenyewe. Kaunti hii ina sheria ya mgawanyo sawa wa maendeleo, ya mwaka 2015, inayoweka kanuni za kugawa fedha za maendeleo kati ya wadi zake 20. Ni sheria ninayoiheshimu, kwa sababu imezuia fedha kurundikwa kwa wenye sauti kubwa. Lakini njia ya miguu haijui mipaka ya wadi. Inaanzia wadi ya juu, inamalizikia wadi ya chini, na katika mikutano ya wananchi kila wadi huchagua kilicho chake chote: darasa, josho, bomba. Mwakilishi wa wadi hawezi kulaumiwa akisita kulipia nusu ya njia. Kwa hiyo pendekezo lenu liingie kama mradi wa kaunti nzima, au wawakilishi wa wadi husika wakubaliane mapema, kila mmoja akichangia kipande chake.

Tatu ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mikakati ya Fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Watu wengi hujitokeza Mei wakiwa na madai makali, wakati viwango vya kila idara vimeshafungwa. Anayetaka njia yake iwemo aandike kabla ya Septemba.

Ningeongeza sharti moja la utoaji fedha. Kila robo mwaka idara ichapishe idadi ya wageni waliopita kila njia, ada iliyokusanywa, kiasi kilicholipwa kwa wenye ardhi, ajali zilizotokea na muda uliopita kabla majeruhi hajafika hospitalini. Hilo la mwisho ndilo nitakalolisoma kwanza.

Mchangiaji wa 3, mkazi wa bondeni

Nashukuru kwa majibu. Ikiwa mwenye ardhi ana uwezo wa kufunga njia, na ikiwa mfuko una jina lake ndani ya sheria, basi naweza kulipeleka jambo hili kwa wazee bila kuona haya. Naomba mfikirie pia vijana wanaofundishwa kuongoza wageni watoke juu, katikati na chini kwa uwiano. Wakitoka mjini peke yao, hawatajua mzinga uko mti gani, wala hawatajua jina la mzee wa kuombwa ruhusa.

Mwanzisha uzi

Hoja ya uwiano wa vijana naichukua kama ilivyo, na napendekeza kila kundi la uokoaji liwe na watu wa ngazi zote tatu za mteremko, kwa kuwa anayeanguka katikati anaweza kufikiwa haraka zaidi na watu wa chini kuliko wa juu.

Nimeanza kuandika maoni ya maandishi kwa ajili ya mpango wa maendeleo wa mwaka, na nitayaweka hapa yakamilike kabla ya Septemba. Yataomba mambo kwa mpangilio huu wa umuhimu: machela, redio za mawasiliano na mafunzo ya huduma ya kwanza katika vituo vitatu; makubaliano ya ardhi na mswada wa mfuko maalumu; ujenzi wa njia ya majaribio ya Iten, Kessup na Tambach pamoja na fedha za kuitengeneza kila baada ya masika; kisha vibao, ramani na orodha ya waongozaji. Matangazo ya nje ya kaunti nimeyaweka mwaka wa pili, na yatolewe ikiwa tu takwimu za robo mwaka zitakuwa zimechapishwa zote nne.

Mchangiaji wa 4, nakuomba uipitie sehemu ya mfuko, hasa maneno ya kumlinda mwenye ardhi endapo serikali itabadilika. Mchangiaji wa 2, nahitaji kutoka kwa wenye nyumba za wageni kiwango cha ada ambacho familia kutoka Eldoret inaweza kulipa bila kunung'unika. Wengine mnaoujua mteremko kati ya Kessup na Tambach, andikeni hapa mahali ambapo njia ya sasa hukatika mvua inaponyesha, mkitaja alama zinazoonekana, ili fundi atakayetumwa asianze kwa kukisia.